UZI: Meli ikifunga Dominica kwa siku moja tu, saa zako zipange hivi

Baharia wa Likoni

Hamjambo wana jukwaa.

Siku hizi ndugu zetu wengi walioko Texas, Minnesota, Ohio na Kanada wanakata tiketi za meli za kitalii kwenda Karibi, hasa mizunguko ya kusini inayoanzia San Juan, kule Puerto Rico, au Florida. Kwenye orodha ya bandari kuna jina ambalo wengi hulipita bila kulitazama mara mbili: Roseau, Dominica. Mimi nafanya kazi melini, upande wa mgahawa, na jioni ya bandari hiyo huwa nasikia maongezi ya mezani. Meza hii wanasema hawajawahi kuona kisiwa kama kile. Meza ya pili wanasema hakuna kitu pale, wamezunguka mjini kidogo wakarudi kula. Wote wameshuka ngazi ile ile, siku ile ile. Kilichowatenganisha ni mpango, na mpango wenyewe si mgumu, ndiyo maana nimeanzisha uzi huu.

Kwanza msiichanganye na Jamhuri ya Dominika, ile ya Santo Domingo na mahoteli makubwa ya ufukweni. Dominica ni nchi nyingine kabisa. Iko katikati ya Guadeloupe na Martinique, na ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 3 Novemba 1978. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 750, haifiki hata nusu ya Unguja, na watu wake ni kama 70,000. Ila humo ndani wamebanana na milima. Mrefu kuliko yote, Morne Diablotins, una mita 1,447. Kisiwa kizima kimetokana na volkano, na moto wake bado uko hai chini kwa chini.

Kwa hiyo mwenye kutarajia mchanga mweupe kama wa Diani au Nungwi, hapa atakosa. Fukwe nyingi ni za mchanga mweusi au mawe. Neema ya Dominica iko juu, ndani ya msitu: maporomoko, mito, mabwawa ya maji moto, makorongo. Anayeshuka na taulo begani kutafuta ufukwe ndiye huyo anayerudi na malalamiko mezani kwangu.

Ushauri wangu mkuu ni huu: chagua bonde moja ukae nalo siku nzima. Usijaribu kuzunguka kisiwa.

Tupige hesabu. Tuseme meli inafunga gati saa 2 asubuhi, na tangazo linataka abiria wote wawe ndani saa 10 na nusu jioni. Ukisoma hivyo unaona siku ni ndefu. Sasa toa muda wa maofisa wa bandari kuikagua meli kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kushuka, toa foleni ya lifti na ngazi, toa muda wa kutafuta gari. Mpaka mnaondoka gatini ni saa 3. Mtu makini anarudi mjini saa 9 alasiri ili abaki na akiba ya tairi kupasuka au mvua kuangusha tope barabarani. Zimebaki saa sita. Na barabara za kule ni nyembamba, kona juu ya kona, kwa hiyo ramani ikikuonyesha kilomita chache usidhani ni mwendo wa dakika chache. Kwenda Portsmouth kaskazini ni kama saa nzima, kurudi saa nyingine. Ukitaka kuona kaskazini, mashariki na kusini kwa siku moja utakayoyaona ni madirisha ya gari.

Bonde ninalolipendekeza ni lile lile linaloanzia nyuma ya mji, Bonde la Roseau. Kila kitu kiko ndani ya nusu saa hivi kutoka gatini. Mimi nikipata ruhusa ya kushuka huanzia juu kabisa, kijiji cha Laudat, kwenye Ti Tou Gorge. Ni ufa mwembamba uliochongeka kwenye mwamba wa volkano, umejaa maji, na mtu anaingia kwa kuogelea. Kuta zimekaribiana kiasi kwamba unakaribia kuzigusa zote mbili kwa mikono, na juu kabisa mwanga unapenya kama mstari. Maji ni baridi kweli, yanashika kifua. Unaogelea ukifuata kona mpaka unasikia ngurumo, na mwisho wa ufa unakuta maporomoko yanaanguka humo humo ndani ya mwamba. Wasiojua kuogelea wapo wenyeji pale wenye majaketi ya kuelea na kamba, lipia, usione aibu. Sharti moja halina mjadala: mvua ikinyesha milimani, usiingie. Maji hupanda ghafla ndani ya ufa ule, na hakuna pa kukimbilia.

Mkitoka hapo mnateremka Trafalgar. Maporomoko mawili yamesimama jirani, wenyeji wanayaita baba na mama, la baba ndilo refu. Kutoka lango la hifadhi hadi jukwaa la kutazamia ni mwendo mfupi wa miguu ndani ya msitu. Halafu malizieni Wotten Waven, kijiji cha maji moto ya salfa. Baada ya baridi ya Ti Tou, kuketi ndani ya yale maji mwili wote unalegea. Vueni mikufu na pete za fedha mapema, salfa huzigeuza nyeusi, na msivae nguo ya kuogelea nyeupe mnayoipenda.

Mpango huo unatosha, na unabakiza muda wa chakula na wa mji. Hifadhi zina kiingilio, kwa miaka mingi kimekuwa dola 5 za Marekani kwa kila kituo. Pesa ya nchi ni dola ya Karibi Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani, na kiwango hicho hakijabadilika tangu 1976. Dola za Marekani zinapokelewa kila mahali, chenji mara nyingi hurudi kwa pesa yao. Bebeni noti ndogo ndogo.

Maswali yaleteni hapa hapa badala ya kunitumia kwa siri, ili jibu la mmoja liwafae wengi.

Mama Imani

Asante sana kaka kwa uzi huu, umenikuta nao wakati muafaka. Sisi ni familia, tuko Minnesota, meli yetu inapita Roseau mwezi wa pili. Shida yangu ni mama mzazi, amefika kutoka Moshi mwaka jana, magoti yanamsumbua. Kuogelea kwenye ufa hawezi, kupanda ngazi nyingi hawezi, na sitaki akae melini peke yake wakati wajukuu wanafurahi. Kuna kitu kwa ajili yake?

Baharia wa Likoni

@Mama Imani shikamoo yangu mfikishie mama. Kipo, na kizuri.

Mfikishe kwanza Bustani ya Mimea ya Roseau. Iko mjini, ni tambarare, gari linaingia hadi ndani. Humo kuna mbuyu, mbuyu huu huu wetu wa Afrika. Tarehe 29 Agosti 1979 kimbunga David kiliuangusha juu ya basi la shule. Bahati basi lilikuwa tupu. Hawakulitoa. Mpaka leo basi lile la njano limelala limebanwa chini ya shina, bati limekunjwa na kutu imeshalila, na mbuyu wenyewe ulichipua tena pale pale ulipoangukia, umesimamisha matawi na majani juu ya basi. Watalii wengi hupiga picha ya basi wakaondoka. Mama yako atautazama mti.

Baadaye mpelekeni Wotten Waven wakati vijana wako Ti Tou. Mabwawa mengine yamejengewa ngazi chache za kushikilia, mwambie dereva mapema kwamba kuna mtu mzima mwenye magoti, atawachagulia panapofaa. Na maji moto kwa magoti ni rehema. Trafalgar pia asikate tamaa nayo, njia ya hadi jukwaani si ndefu, akiwa na fimbo na mtu wa kumshika mkono anaweza kwenda taratibu. Kama njia imelowa, abaki getini.

Kanyenye wa Tabora

Mkuu umeshusha madini. Niulize la pesa. Ziara zinazouzwa ndani ya meli bei yake inatisha ukiwa na familia ya watu watano. Nikishuka nikakodi gari mwenyewe pale gatini, si nitaokoa zaidi ya nusu? Na kuna usalama?

Baharia wa Likoni

@Kanyenye wa Tabora kwa watu watano, ndiyo, gari la kukodi linapunguza gharama sana, na pesa inabaki kwa dereva mwenyewe na kijiji chake. Mimi niko upande huo, japo mkate wangu unatoka melini. Lakini ujue unachonunua ukinunua ziara ya meli: ikichelewa, meli inawasubiri. Ukichelewa na gari lako binafsi, meli inang'oa. Hilo si tishio, nimesimama juu na kuwaona watu wakikimbia gatini huku kamba zinaondolewa.

Ukikodi, malizeni mambo matatu kabla mlango haujafungwa. Bei ni ya kila mtu au ya gari zima? Ni ya kwenda tu au ya siku nzima na kurudi? Na viingilio vimo au mtalipa wenyewe? Ukimaliza hapo, mlipe mwishoni, si mwanzoni. Madereva wa kule wengi ni watu waungwana sana na wanaijua historia yao, atakuonyesha mti wa mdalasini, kakao, mkungumanga, atakusimamishia njiani uonje.

La saa sasa, na hili ndilo linalovuruga siku za watu wengi. Dominica haibadilishi saa mwaka mzima. Meli iliyotoka San Juan inatumia saa ile ile ya kisiwa, hakuna tatizo. Ila meli iliyotoka Florida majira ya baridi, saa ya Florida iko nyuma kwa saa moja. Nahodha mwingine hubadilisha saa ya meli, mwingine haigusi. Sasa ukiwa umeagiza dereva kwa mtandao tangu nyumbani, mkaandikiana saa 3 asubuhi, yeye anasimama gatini saa 3 ya kisiwa. Kwa saa ya meli ni saa 2, hata hamjaruhusiwa kushuka. Atasubiri, ataona kimya, atachukua wateja wengine. Hapo utamlaumu bure. Usiku wa kabla soma gazeti la meli, wameandika saa ipi inatumika, kisha mwandikie dereva kwa saa yake yeye. Na simu yako ikishika mtandao wa kisiwa itajibadilisha yenyewe, kwa hiyo vaa saa ya mkononi yenye saa ya meli.

Bukavu514

Jambo ndugu zangu. Mimi niko Montréal, kwetu ni Kivu, nimekulia tukiona volkano ya Nyiragongo inang'aa usiku kutoka mbali. Nimesoma kwamba Dominica wako na ziwa lenye linachemka. Niko na miguu nzuri, niko na miaka 34. Ninaweza kulifikia na kurudi kwenye bateau?

Baharia wa Likoni

@Bukavu514 karibu ndugu. Hapana. Na nakwambia hapana nikiwa nalipenda eneo lile.

Ziwa lenyewe lina upana wa kama mita 60, maji ya kijivu yanatokota katikati muda wote na mvuke umetanda juu. Ni tundu la mvuke wa volkano lililojaa maji. Kuna wakati hukauka likajaa tena, lilifanya hivyo kuanzia mwishoni mwa 2004. Liko ndani ya hifadhi ya Morne Trois Pitons iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1997. Njia ya miguu inaanzia pale pale Ti Tou, kwenda na kurudi ni kama saa sita kwa mtu mwenye pumzi, ni kupanda, kushuka, na kuvuka bonde lililojaa matundu ya mvuke na vijito vya rangi, ambamo ukikosea kukanyaga mguu unaungua. Lazima uwe na mwongozaji. Weka juu yake muda wa barabara na kushuka melini, hesabu inakataa. Wapo waliowahi kulifikia siku ya meli yenye saa ndefu. Ila mtu wa kukimbizana na saa kwenye njia ile ndiye anayeteguka mguu, na kumtoa mtu aliyeteguka kule ni kazi ya jioni nzima.

Ukitaka harufu ya kwenu ndani ya muda, nenda kusini, Soufrière. Kuna chemchemi za salfa unazofika kwa urahisi. Na hapo jirani kuna Champagne, sehemu ya bahari ambayo gesi ya volkano inapenya kutoka sakafuni, mapovu yanapanda juu mfululizo huku wewe unaelea na miwani na mrija kati ya matumbawe na samaki. Pwani yake ni mawe matupu na kuna urchini wa baharini, wale wa miiba, vaeni viatu vya maji. Ukisonga mbele hadi mwisho wa kisiwa, Scotts Head, ardhi inakuwa nyembamba kama ukanda: mkono mmoja bahari ya Karibi imetulia, mkono wa pili Atlantiki inapiga. Hewa ikiwa safi unaiona Martinique. Hii ndiyo siku ya pili kwa uzuri baada ya Bonde la Roseau. Na Kikriolo chao kimezaliwa na Kifaransa, wewe wa Kivu utaokota maneno mengi bila kufundishwa.

Bukavu514

Nimeelewa. Soufrière basi. Aksanti sana.

Binti Mwera

Asalaam aleikum. Niongeze la karatasi, kwa sababu naona watu wanakata tiketi kama wanakwenda Chicago.

Raia wa Marekani kwenye mzunguko unaoanza na kuishia bandari ile ile ya Marekani anaruhusiwa kurudi kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Lakini chukueni pasipoti. Ukiachwa na meli, au ukiugua ukalazwa, utarudi kwa ndege, na ndege inataka pasipoti. Mwenye kadi ya kijani achukue kadi pamoja na pasipoti ya nchi yake iliyo hai, na aulize kampuni ya meli kila kisiwa kinataka nini kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo. Kila kisiwa ni nchi yake na masharti yake. Viza ya kuingia mara moja tu kwa kawaida haikurudishi, hata kama umekaa melini wiki nzima bila kugusa ardhi.

Na kwa wale ambao maombi yao ya hifadhi ya ukimbizi bado yanasikilizwa, nawaomba sana: kupanda meli hiyo ni kutoka nje ya Marekani. Msiende kabla hamjaongea na wakili. Nimeshuhudia familia ikilia gatini kwa jambo hili.

Mzee wa Ujiji

Vijana hamjambo. Nimesoma uzi wote na ninapingana na mwanzisha uzi kwenye jambo moja, kwa heshima. Ameandika kana kwamba Dominica ni maji na mawe. Kule kuna watu, na wamo ambao ndio wenyewe wa asili wa bahari ile: Wakalinago. Karibu visiwa vyote vingine walifagiliwa. Dominica milima iliwaficha. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni iliwatengea ardhi upande wa kaskazini mashariki, ekari kama 3,700, na hadi leo ardhi ile ni ya jamii nzima, mtu haiuzi wala haweki rehani. Rais wa nchi aliyeapishwa Oktoba 2023, Sylvanie Burton, ni Mkalinago wa kwanza na mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho.

Nilikwenda na mwanangu. Pale tuliona akina mama wakitengeneza mkate wa muhogo. Wanaukwangua, wanakamua maji yake yenye sumu, wanaacha unga, wanautandaza juu ya bamba kubwa la chuma lenye moto chini. Mimi ni mtu wa Kigoma, muhogo nimeulima na umenilea. Nilisimama pale nikajua nimefika kwa waliouanza. Watu wa Amerika Kusini ndio walioufuga muhogo, Wareno wakauleta kwetu baadaye. Nilishukuru kwa mdomo wangu, na yule mama alinikatia kipande cha moto akakataa pesa. Vikapu vyao vya matete ya larouma nilinunua, vimesukwa mistari ya rangi ya kahawia, nyeusi na nyeupe, tabaka mbili na majani katikati ili maji yasipenye.

Siku ya mtu isiishe kwenye maji moto tu.

Baharia wa Likoni

@Mzee wa Ujiji shikamoo mzee, na nashukuru kwa maneno haya. Umesema kweli na nakubali, kwa sharti la saa. Kutoka Roseau hadi eneo la Wakalinago ni zaidi ya saa nzima kila upande. Kama meli inaondoka saa 12 jioni au baadaye, mwenye moyo huo aende, na afanye hilo peke yake, pamoja na Emerald Pool ambayo iko njiani: bwawa dogo la kijani chini ya maporomoko, dakika chache tu kutoka barabarani. Amtafute dereva ambaye ni Mkalinago mwenyewe, au anayepatana na watu wa Kalinago Barana Autê, kile kijiji chao cha utamaduni. Kama meli inaondoka saa 10 au 11, hapana, mtafika mmechoka mkae nusu saa mgeuze, na hiyo ni kuwakosea wenyeji.

Na kwa anayetaka historia bila kutoka mjini: soko la zamani liko nyuma ya jumba la makumbusho, hatua chache kutoka gatini. Leo wanauza vikapu na viungo, zamani watu wetu walinadiwa hapo. Mjini pia wamesimamisha sanamu ya Neg Mawon, mtumwa aliyetoroka, anapuliza kombe la bahari kuita wenzake. Milima iliyowaficha Wakalinago iliwaficha na hao, waliishi juu huko na machifu wao, wakapigana na Waingereza miaka mingi. Mmoja wao, Jacko, aliuawa 1814.

Dogo wa Kisauni

Bro, mimi nimeajiriwa juzi, housekeeping. Roseau nitapata saa mbili tu katikati ya zamu. Nifanye nini?

Baharia wa Likoni

@Dogo wa Kisauni hongera mdogo wangu. Piga simu nyumbani kwanza: saa 3 asubuhi Roseau ni saa 10 jioni Mombasa, mama hajalala. Kisha tembea hadi Bustani ya Mimea, uone mbuyu, halafu panda njia inayoitwa Jack's Walk, inaanzia humo bustanini inapita msituni hadi juu Morne Bruce. Kwa miguu yako ni robo saa hivi. Juu unauona mji wote wa mapaa ya bati na meli yenu imelala kando yake, kubwa kuliko jengo lolote la mji. Rudi ukiwa na dakika thelathini mkononi. Na zamu ya kubaki melini ikikuangukia bandari hiyo, badilishana na mwenzako mapema, Roseau wengi hawaigombei.

Kanyenye wa Tabora

Chakula je? Na mavazi?

Baharia wa Likoni

Chakula utajisikia nyumbani. Supu ya kalalu, ambayo ndiyo chakula chao cha taifa, msingi wake ni majani ya magimbi na tui la nazi. Magimbi yenyewe, shelisheli la kuchoma, ndizi mbichi za kuchemsha, samaki wa chumvi, maandazi ya kukaanga wanayokula asubuhi. Usirudi melini kula mchana, kula kwa mama lishe wa pale, na kunywa dafu. Uliza tu kilichopikwa siku hiyo.

Mavazi: kila familia ihakikishe hakuna nguo yenye madoadoa ya kijeshi, ya mtu mzima wala ya mtoto, wala kofia wala begi. Ni kosa la kisheria Dominica. Nguo ya kuogelea ibaki kwenye maji, mjini vaa kama unakwenda sokoni kwenu. Koti jepesi la mvua kila mmoja, hata kiangazi, kwa sababu milimani mvua hushuka dakika kumi jua likatoka. Viatu vyenye meno chini, mawe ya kule yana utelezi.

Na ukimkaribia mtu yeyote, msalimie kabla ya kuuliza chochote. Atakayeanza na "bei gani?" atajibiwa kwa baridi, na wenyeji wana haki. Watu hawa usiku wa tarehe 18 Septemba 2017 walipigwa na kimbunga Maria cha daraja la tano, mapaa yakaruka karibu nchi nzima, milima ikabaki bila jani. Wamejenga upya kwa mikono yao. Salamu ni kitu kidogo.

Binti Mwera

Na nyangumi? Nimesikia wapo.

Baharia wa Likoni

@Binti Mwera wapo mwaka mzima, wale wakubwa wenye kichwa kama sanduku, kwa sababu bahari ya magharibi ya kisiwa ina kina kirefu karibu na pwani. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kuwatengea hifadhi baharini, ya kwanza duniani kwa nyangumi wa aina hiyo. Boti inachukua nusu siku, na lazima uweke nafasi kabla. Lakini ni bahari, hakuna mwenye uhakika wa kuwaona. Anayelewa na mawimbi asijaribu.

Mama Imani

Kaka, tumekaa kikao na familia. Meli yetu inatoka San Juan, inafunga saa 2, inaondoka saa 12 jioni. Tumepanga hivi: gari moja, Ti Tou asubuhi kwa baba na watoto, mimi na bibi Wotten Waven, tukutane Trafalgar, chakula, bustani ya mbuyu mwishoni. Bibi ameshasema mbuyu hataki uwe mwisho, anataka uwe kwanza.

Baharia wa Likoni

@Mama Imani bibi yuko sawa, anzeni na mbuyu, bustani iko njiani mnapoelekea bondeni na asubuhi kunakuwa kimya. Msikae sana ili Ti Tou mfike kabla ya mabasi ya ziara. Kwa gari moja kuwagawanya kunawezekana: dereva awashushe nyinyi wawili Wotten Waven kwanza, apandishe wengine Laudat, awafuate akirudi. Mwambieni hivyo siku ya kupatana bei, siyo njiani.

Jambo la mwisho, ulizia meli yenu inafunga gati gani. Kuna gati lililo mbele ya mji kabisa, na kuna la Woodbridge Bay, kaskazini kidogo, ambako meli nyingine hupelekwa siku zinapokutana mbili au tatu. Ikiwa ni Woodbridge Bay, dereva awasubiri huko huko, maana kumtembeza bibi hadi mjini kwa miguu asubuhi ile ni kumchosha kabla siku haijaanza.